Je, Wajua? Daraja Likivunjwa, Chuma Huenda Wapi?

Kyela ni wilaya ya kuvuka maji. Songwe, Kiwira, Mbaka na Lufilyo, mito yote hiyo inamalizia safari yake humo kabla ya kumwagika Ziwa Nyasa, na mtu anayetoka Kasumulu kwenda Matema hafiki bila kupita juu ya daraja. Daraja la chuma nalo huzeeka. Siku linapong'olewa huwa na wateja wawili: mwenye mizani ya vyuma chakavu na, mara chache sana, msanii. Safu ya leo ni ya huyo wa pili, ingawa wa kwanza atajitokeza tu, maana hafukuziki.

Je, wajua kwamba daraja kongwe kuliko yote kwenye mto Kiwira halina hata msumari mmoja? Ni Daraja la Mungu, huko juu Rungwe, jirani na chuo cha Magereza. Volkano ilimwaga mawe ya moto, yakapoa juu ya mto, na maji yakajitafutia njia chini yake. Mto huohuo ndio unaoteremka hadi Kyela. Kwa bahati nzuri mawe hayanunuliwi kwa kilo.

Kyela hupata mvua ya zaidi ya milimita 2,000 kwa mwaka, zaidi ya mara tatu ya Dodoma. Kwa mpunga na kakao hiyo ni neema. Kwa boriti ya chuma iliyobanduka rangi, ni hukumu.

Je, wajua kwamba kuna daraja linaloweza kubaki palepale na mto ukaondoka? Songwe, unaotenganisha Tanzania na Malawi, una tabia ya kubadili mkondo kwenye tambarare ya Kyela kila mafuriko yanapozidi. Mpaka unafuata mto, kwa hiyo mtu anaweza kulala Tanzania na asubuhi akakuta shamba lake liko ng'ambo. Ndiyo maana nchi hizo mbili zina kamisheni ya pamoja ya bonde la Songwe, na makao yake yako hapohapo Kyela.

Kabla ya meli na kabla ya daraja la chuma, chuma cha Wanyakyusa kilitoka mlimani. Wahunzi wa Kikinga, katika Milima ya Livingstone, waliyeyusha madini na kufua majembe, wakayashusha bondeni kubadilishana na chakula. Jembe likilika sana halikutupwa. Lilirudi motoni likawa kitu kingine kidogo zaidi. Ukiwauliza mafundi wa Kyela leo kwa nini hawatupi kipande cha nondo, utapata jibu lilelile.

Je, wajua kwamba meli za kwanza za Ziwa Nyasa ziliwasili zikiwa vipande? Chauncy Maples iliundwa Glasgow mwaka 1899, ikafunguliwa na kusafirishwa ikiwa vipande 3,481. Bwela lake lilikuwa na uzito wa tani 11, nalo halikufunguka. Wanaume wa Kingoni wapatao 450 walilikokota kwa kamba kwenye nchi kavu, takriban maili tatu kwa siku, kwa umbali wa zaidi ya maili 60. Meli iliingia majini mwaka 1901. Jina ni la askofu aliyezama katika ziwa hilohilo mwaka 1895, na mwandishi huyu hajaelewa hadi leo nani aliona hilo ni jina la kuipa bahati meli.

Wajerumani nao walileta yao. Hermann von Wissmann iliundwa Hamburg kwa pesa za michango, ikapitishwa Zambezi na Shire vipandevipande, ikaunganishwa na kuanza kazi ziwani miaka ya mwanzo ya 1890. Kituo chao cha kwanza upande wa kaskazini kilikuwa Langenburg, pale Lumbila, ufukweni chini ya Milima ya Livingstone, kabla hawajahamia Tukuyu walikokuita Neu Langenburg.

Tarehe 13 Agosti 1914 meli hiyo ilikuwa imepandishwa nchi kavu kwa matengenezo huko Liuli, wakati huo Sphinxhaven. Ikaja manowari ndogo ya Waingereza, Gwendolen, chini ya Kamanda Rhoades, ikafyatua mzinga. Nahodha wa Kijerumani, ambaye Rhoades alikuwa amezoea kukaa naye na kunywa, aliruka kwenye mtumbwi akapiga makasia kwenda kumgombeza rafiki yake. Habari za vita zilikuwa hazijamfikia. Alikamatwa akiwa bado anafoka.

Sasa sikiliza mzinga ulikoishia. Uko Mangochi, Malawi, karibu na daraja la mto Shire, chini ya mnara wa saa uliojengwa mwaka 1901 kumkumbuka Malkia Victoria. Mnara huohuo unabeba pia kumbukumbu ya Viphya, meli iliyozama ziwani mwaka 1946 ikaua watu 145. Kipande cha chuma kilichotolewa kwenye meli ya vita kimekaa mtaani, watoto wanakipanda, na mtu anayesubiri gari anajua kisa chake. Hivyo ndivyo sanaa ya mabaki inavyofanya kazi, hata pale ambapo hakuna msanii aliyelipwa.

Je, wajua kwamba huyo Wissmann wa meli alikuwa pia na sanamu Dar es Salaam? Ilisimamishwa mwaka 1909, kazi ya mchongaji Adolf Kürle. Waingereza waliiteremsha wakaipeleka kwao, na Wajerumani wakairejesha nyumbani: mwaka 1922 ikasimama Hamburg, mbele ya chuo kikuu. Wanafunzi waliiangusha mwaka 1967, ikarudishwa, wakaiangusha tena 1968, safari hii moja kwa moja. Mahali pake Dar es Salaam, tangu 1927, amesimama Askari wa shaba, aliyefinyangwa na James Alexander Stevenson. Ukipita Posta Mpya mtazame: bunduki yake yenye singe imeelekezwa bandarini.

Manowari ya Königsberg ilizamishwa katika delta ya Rufiji Julai 1915 ikiwa na mizinga mikubwa kumi. Wajerumani waliitoa majini yote, wakaifungia magurudumu na kuikokota porini wakati wa vita. Leo mitatu bado ipo: mmoja Pretoria, mmoja Fort Jesus Mombasa, mmoja Jinja. Tanzania, ambako meli ilizama, haina hata mmoja kati ya hiyo mitatu.

Mwaka 1916, Wajerumani walipoishiwa fedha, karakana ya reli ya Tabora iligeuzwa kiwanda cha sarafu. Heller 20 ziligongwa kwa shaba nyeupe iliyookotwa, yakiwemo maganda ya risasi za mizinga. Dhahabu ya mgodi wa Sekenke nayo ikatoa sarafu za rupia 15 zenye picha ya tembo aliyeinua mkonga mbele ya mlima. Ziligongwa zaidi ya 16,000. Wakusanyaji wa sarafu duniani hugombania za tembo. Za heller ndizo zenye kisa zaidi: risasi iliyogeuka nauli ya sokoni.

Na meli ya Liemba? Ilifika Kigoma katika masanduku yapatayo 5,000. Ilizamishwa na mafundi wake wenyewe Julai 1916, lakini kwanza walipaka mitambo grisi nzito kana kwamba wanaiweka akiba. Ikaibuliwa mwaka 1924, na tangu Mei 1927 ikarudi kubeba abiria Ziwa Tanganyika kwa jina jipya. Hakuna sanamu nchini inayoshinda hiyo kwa kueleza chuma kinavyoweza kuishi mara mbili.

Upande wetu wa Nyasa, siku hizi meli hazisubiri Hamburg wala Glasgow. MV Ruvuma na MV Njombe, kila moja ya tani 1,000, pamoja na MV Mbeya II ya abiria, zimeundwa papo hapo Kyela na kampuni ya Kitanzania ya Songoro. Mabati ya chuma yalikuja kwa lori.

Turudi kwenye madaraja. Je, wajua kwa nini daraja la Bailey, lile la vyuma vilivyopangwa kama ngazi zilizolazwa ubavu, huhamahama? Donald Bailey, mtumishi wa serikali ya Uingereza, alilibuni mwaka 1940 kwa ajili ya vita. Kila paneli ina urefu wa futi 10 na uzito wa kilo 260 hivi, mzigo wa watu sita. Haziunganishwi kwa kuchomelea. Kuna matundu kwenye pembe, unapitisha pini nene, basi. Mafuriko yakikata barabara, paneli hushushwa, zikapigiwa pini, magari yakapita. Miaka ikipita na zege likikauka, pini huchomolewa na paneli zikaenda mto mwingine. Paneli moja inaweza kuwa imevusha watu wa mikoa mitatu na hakuna aliyeiandika popote. Mwandishi wa safu hii anaona kwamba hiyo ndiyo malighafi bora kuliko zote kwa msanii: tayari ina umbo, ina matundu, ina uzito unaobebeka, na ina safari.

Je, wajua kwamba kuna mbwa mwenye mnara uliojengwa kwa mawe ya daraja? Aliitwa Paddy, akizurura gatini Wellington, New Zealand, akipendwa na makuli na madereva wa teksi hadi alipokufa mwaka 1939. Daraja la Waterloo la London lilipokuwa limebomolewa, mawe yake yaligawiwa sehemu mbalimbali za Jumuiya ya Madola. Wellington ikatumia yake, mwaka 1945, kujenga bomba la maji ya kunywa lenye sura ya Paddy ya shaba. Juu wanakunywa watu, na chini kuna mabakuli ya mbwa.

London imezoea. Daraja lake la zamani, lile lililodumu tangu zama za kati, lilikuwa na vibanda vya mawe pembeni vya kujikinga na mikokoteni. Lilipobomolewa karne ya 19, viwili vilipelekwa bustani ya Victoria Park, kimoja kiko ua wa hospitali ya Guy's, na ndani yake wamemkalisha mshairi John Keats wa shaba. Wagonjwa huketi kando yake kupiga picha.

Daraja lililofuata, la 1831, liliuzwa zima. Robert McCulloch, tajiri wa Marekani, alilinunua mwaka 1968 kwa dola milioni 2.46. Kila jiwe la nje lilipewa namba, likavushwa bahari, likavikwa kwenye kiunzi cha zege huko Lake Havasu City, Arizona, na kuzinduliwa mwaka 1971. Yasemwayo kwamba alidhani ananunua Tower Bridge ni uzushi uliokanushwa na yeye mwenyewe, ila hauishi kusimuliwa.

Huko Remagen, Ujerumani, daraja la Rhine lililotekwa na Wamarekani tarehe 7 Machi 1945 lilianguka siku kumi baadaye. Meya wa mji aliokota mawe ya nguzo zilizoondolewa mtoni, akayagandisha vipande vipande kwenye plastiki ngumu na kuyauza kuanzia 1978. Mapato yakafungua makumbusho ya amani mwaka 1980, ndani ya minara iliyobaki. Halmashauri zinazolia bajeti zisome aya hii mara mbili.

Usiku wa tarehe 28 Desemba 1879 daraja la mto Tay, Scotland, lilianguka na treni nzima. Injini namba 224 iliopolewa, ikatengenezwa, ikarudishwa kazini kwa miaka mingi; wafanyakazi wa reli wakaibatiza jina la Mzamiaji. Boriti zilizonusurika zilitumika tena katika daraja jipya la 1887. Abiria wengi walivuka juu yake pasipo kujua.

Lakini kisa kilicho karibu zaidi na mada yetu ni cha San Francisco. Daraja la Bay Bridge lilifunguliwa mwaka 1936. Tetemeko la tarehe 17 Oktoba 1989 likaangusha kipande cha upande wa mashariki. Wakati wa ukarabati, mhunzi mmoja, Bill Roan, alitengeneza zimwi la chuma la sentimita 45 hivi, na mafundi wakalichomelea ubavuni mwa daraja bila kuomba kibali cha mkubwa yeyote. Dereva hakuweza kuliona. Kazi yake, walisema, ni kulilinda daraja, na kwa miaka zaidi ya ishirini halikuanguka tena. Upande mpya wa mashariki ulipofunguliwa mwaka 2013, zimwi liliteremshwa kwa heshima na kuhifadhiwa.

Chuma chenyewe je? Hapo ndipo penye somo kwa wahandisi wetu. Mamlaka ya ushuru wa daraja hilo, kwa kushirikiana na jumba la makumbusho la Oakland, ilitenga takriban tani 450 za chuma cha zamani na kualika wasanii waombe. Hawakupewa bure holela: aliyepata alitakiwa kukitumia katika kazi itakayosimama hadharani, mahali mtu yeyote anaweza kuifikia. Mojawapo ni pete kubwa iitwayo Signal, kazi ya Tom Loughlin, kwenye kisiwa cha Treasure Island, kilichopakana na kisiwa ambako daraja lenyewe linapita. Zingatia mpangilio: uamuzi wa kutenga chuma ulikuja wakati daraja lingali linabomolewa, kabla mzigo wote haujaenda kuyeyushwa. Kilichoyeyuka hakiombewi kibali.

Je, wajua kwamba majirani zetu wa ziwa hilihili, Msumbiji, wametangulia Afrika katika sanaa ya mabaki? Mwaka 1995, vita vimekwisha, Baraza la Kikristo la nchi hiyo chini ya Askofu Dinis Sengulane lilianza kupokea bunduki na kutoa majembe, cherehani, baiskeli na mabati. Kijiji kimoja kilipewa trekta. Bunduki zilikatwakatwa, na vipande vikaingia mikononi mwa wasanii wa Maputo. Mwaka 2001 Cristóvão Canhavato, anayejulikana zaidi kwa jina la Kester, akatengeneza kiti cha enzi kwa vitako na mitutu. Baadaye yeye na wenzake watatu walijenga Mti wa Uhai, wa karibu nusu tani, wenye matawi ya mitutu na wanyama chini ya kivuli. Vyote viwili viko Makumbusho ya Uingereza, London. Inauma kidogo kwamba Mnyasa wa Mbamba Bay anatakiwa viza kwenda kuviona.

Haraka haraka, majirani wengine. Nairobi: bustani ya kumbukumbu ya shambulio la tarehe 7 Agosti 1998 ina sanamu iliyofanywa kwa mabaki ya mlipuko wenyewe. Nairobi tena: Kioko Mwitiki ameunganisha tembo na vifaru wa ukubwa halisi kwa vyuma chakavu. Kinshasa: Freddy Tsimba huunda miili ya watu kwa maganda ya risasi, na amewahi kujenga nyumba kwa mapanga. Lamu: Ali Skanda na mafundi wenzake walijenga jahazi la Flipflopi kwa tani 10 za plastiki, likavishwa ndala 30,000 za kuokota, na mwanzoni mwa 2019 likatweka tanga hadi Zanzibar. Fundi wa majahazi hakubadili nyundo wala jicho. Mbao tu ndizo zilizobadilika.

Na hapa nyumbani, sanaa ya mabaki inayosikika kuliko zote ni kengele ya shule. Ringi ya lori, au kipande cha reli, kinaninginia kwa waya kwenye tawi la mwembe. Kando yake kuna bolti kubwa iliyofungwa kamba isipotee. Ringi imeng'aa sehemu moja tu, pale bolti inapopiga, kwingine ni kutu. Zamu ya kugonga ni cheo. Reli ya TAZARA, iliyojengwa kati ya 1970 na 1975 ikiwa na madaraja yapatayo 320 kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi, ilikusudiwa shaba ya Zambia, wala hakuna mhandisi aliyeweka kwenye michoro yake mtoto wa darasa la nne anayegonga mapumziko.

Je, wajua kwamba kuchonga chuma cha daraja la zamani kunaweza kumuua fundi polepole? Madaraja mengi ya zamani yalipakwa rangi yenye madini ya risasi, hasa ule mkono wa kwanza mwekundu wa kuzuia kutu. Ukipitisha tochi ya gesi au grenda juu yake, unavuta moshi na vumbi la sumu, na mtoto anayecheza chini ya meza ya kazi anavuta zaidi. Rangi ing'olewe kwanza kwa dawa au kwa kukwangua ikiwa imelowa maji, fundi afunike pua na mdomo kwa kinga ya maana, na mabaki yasimwagwe mtoni. Kitambaa cha kanga hakitoshi. Hili halina mzaha.

Chuma cha kale pia hakipendi haraka. Madaraja ya mwanzo yalifungwa kwa ribiti: msumari mnene unatiwa moto hadi uwe mwekundu, unapitishwa tunduni, unapigwa kichwa upande wa pili, ukipoa unanywea na kubana mabamba. Msanii mwenye akili haziondoi. Zile safu za vichwa vya ribiti ndizo zinazomwambia mtazamaji kwamba hiki kilikuwa daraja. Ukizisawazisha kwa grenda ukapaka rangi ya dhahabu, umebaki na bomba.

Kuna wanaopendekeza sanamu za nje ziachwe zishike kutu yake, kwa mfano wa Malaika wa Kaskazini wa Antony Gormley huko Gateshead, Uingereza, wa tani 200, aliyesimama tangu 1998. Tahadhari. Chuma kile ni cha aina maalumu, ambacho kutu yake hujifunga na kuwa ngozi, tena kinahitaji kulowa na kukauka kwa zamu. Chuma cha kawaida cha daraja, kwa mvua za Kyela zinazoanza mwaka na kukataa kuondoka, kitalika hadi kitoboke. Huku dawa ni kuchovya kwenye zinki, kupaka rangi, na kumteua mtu wa kurudia rangi. Huyo wa mwisho ndiye anayesahaulika kwenye kila uzinduzi.

Wizi? Upo, na unajulikana. Kingo za madaraja na alama za barabarani hung'olewa usiku na kuishia kwenye mizani ya skrepa, ndiyo maana barabara nyingi siku hizi zimewekewa kingo za zege na vibao visivyo vya chuma. Kwa hiyo atakayesimamisha sanamu ya chuma ufukweni Matema aizike kwenye zege na kuichomelea kiasi kwamba kuiiba ni kazi ngumu kuliko kuitengeneza.

Matema nimeitaja makusudi. Pale Lyulilo, mwendo mfupi kutoka ufukweni, kila Jumamosi wanawake wa Kikisi hushusha vyungu kwa mitumbwi kutoka Ikombe na vijiji vya jirani, vyekundu, vyenye mistari myeupe, wakavipanga mchangani kwa ukubwa wake. Huo ni mkusanyiko wa sanaa ambao hauhitaji kadi ya mwaliko, na watu tayari wanakuja. Kama boriti ya daraja la zamani ingetafutiwa makazi kaskazini mwa Nyasa, ningeipeleka sokoni hapo, iwe benchi la akina mama kuegemea mizigo, kuliko kwenye mzunguko wa barabara ambako hakuna anayeweza kuigusa bila kugongwa na bodaboda.

Sheria inasemaje? Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 hulinda moja kwa moja jengo au kifaa kilichotengenezwa kabla ya 1863. Mlango wa nakshi una nafuu yake: uwe umechongwa kabla ya 1940. Daraja la chuma halikutajwa, na hakuna la chuma nchini lenye umri wa kupita 1863, kwa kuwa reli ya kwanza ya Tanganyika ilianza kujengwa Tanga mwaka 1893. Maana yake, daraja la Mjerumani au la Mwingereza halilindwi hadi waziri alitangaze. Bila tangazo hilo, kisheria, linaweza kuuzwa kama chuma kingine chochote.

La mwisho, na hili unaweza kulifanya wewe mwenyewe. Viwanda vya zamani vilikuwa na desturi ya kuvimbisha jina kwenye ubavu wa boriti wakati chuma kingali cha moto. Ukipangusa matope unaweza kusoma Dorman Long, kampuni ileile ya Middlesbrough iliyojenga daraja la Sydney lililofunguliwa mwaka 1932, au Krupp kwenye reli, wakati mwingine pamoja na mwaka. Kama kijijini kwako liko daraja la chuma lililoachwa kando ya jipya, nenda na brashi ya waya na simu. Soma herufi, piga picha, pima urefu kwa hatua, waulize wazee lilifungwa lini na nani walibeba vyuma. Kisha peleka vyote kwa Afisa Utamaduni wa halmashauri yako, kwa barua, ukibaki na nakala yenye muhuri. Fanya hivyo kabla tangazo la mnada halijabandikwa.